Pendekezo la utafiti likirudishwa mara tatu, si lazima mwalimu ana kisa na mwanao

Mama mmoja mkazi wa mtaa wa Umoja, Nairobi, ameniletea malalamiko ambayo nadhani yanazisumbua nyumba nyingi zenye kijana katika chuo kikuu. Binti yake anasomea shahada ya uzamili katika sayansi ya viumbe. Masomo ya darasani aliyamaliza vyema, tena kwa alama za kujivunia. Lakini tangu mwaka uliopita amekwama katika kile kiitwacho pendekezo la utafiti. Aliliandika, likarudishwa. Akaliandika upya, likarudishwa likiwa limejaa wino mwekundu. Mara ya tatu msimamizi wake hakujisumbua kuandika mengi. Alichora alama kubwa ya kuuliza juu ya ukurasa wa kwanza, na chini yake akaweka maneno matatu: "Swali liko wapi?"

Mama huyo anauliza kama mwalimu huyo ana kisa na mwanawe. Anauliza pia karo ya muhula mwingine itatoka wapi, maana baba mtu amestaafu na ndugu wawili wadogo wako sekondari. Binti mwenyewe ameanza kusema kwamba ataacha masomo atafute kazi yoyote ile.

Nilimwomba binti aniletee makaratasi yenyewe, nami nikayasoma jioni mbili mfululizo. Kurasa ni 41. Kichwa ni "Malaria na Mbu Wanaoieneza Nchini Kenya." Kiingereza chake ni safi, majedwali yamepangwa, ramani ipo. Hata hivyo, mpenzi msomaji, nilipofika ukurasa wa mwisho sikuweza kusema binti huyu anataka kujua nini. Fulani alisema hivi mwaka huu, fulani akasema vile mwaka ule, mwingine naye akagundua hili. Ni kama wakili aliyeita mashahidi thelathini mahakamani, akawapanga foleni, kila mmoja akasema lake na kwenda zake, kisha hakimu akaambiwa akate kesi kabla hajaelezwa nani amemshtaki nani.

Kwa hivyo mama, mwalimu hana kisa. Pengine angeeleza zaidi badala ya kuchora alama ya kuuliza, na hilo nitamlaumu kidogo. Lakini alilouliza ni la haki.

Wanafunzi wengi hudhani mapitio ya maandishi ni ushahidi wa kumwonyesha mwalimu kwamba wamesoma sana. Sivyo. Mapitio ni hoja. Unamchukua msomaji kutoka kwa yale yanayojulikana, unampitisha katika yale ambayo wataalamu bado wanabishania, hadi unamfikisha kwenye pengo, mahali ambapo hakuna mtu aliyejibu. Pendekezo lote linasimama juu ya pengo hilo. Mwanafunzi asiyeliona pengo hana la kupendekeza, hata akiandika kurasa mia.

Ili nisiongee hewani, natoa mfano wa hapa hapa kwetu, nao unahusu malaria hiyo hiyo.

Mwaka 1949 kijana mmoja kwa jina Anthony Allison, aliyelelewa Kenya na kusomea Oxford, Uingereza, alifuatana na msafara wa chuo chake uliokuja Mlima Kenya. Katika safari hiyo alipima damu za watu wa sehemu mbalimbali za nchi, na mojawapo ya mambo aliyoyatafuta ni seli mundu. Mtu akirithi jeni ya seli mundu kwa baba na kwa mama, huugua ugonjwa mkali, na zamani hizo watoto wengi wa namna hiyo hawakufikia utu uzima. Akirithi kwa mzazi mmoja tu, huwa mbebaji na aghalabu haoni shida yoyote. Allison alikuta kwamba Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria wabebaji walizidi asilimia 20 katika baadhi ya jamii, ilhali katika nyanda za juu hawakufika hata asilimia 1.

Angekoma hapo angekuwa na jedwali zuri la kutia katika kitabu. Lakini alijiuliza: jeni inayoua watoto, mbona haijatoweka? Na mbona imejaa hasa kule kwenye malaria? Habari za damu walikuwa nazo wataalamu wa damu, na habari za malaria walikuwa nazo wataalamu wa malaria. Yeye aliziweka juu ya meza moja, akaona pengo lililokuwa katikati yake. Ndipo akatoa nadharia tete, yaani dai linaloweza kupimwa na kuangushwa: kubeba jeni moja ya seli mundu humkinga mtu na malaria. Hebu angalia uzuri wa dai hilo. Ukilisoma unajua papo hapo kitakachoonyesha kwamba ni la uongo. Wabebaji wakipatikana na vimelea sawasawa na watu wengine, dai linaanza kuyumba.

Katika utafiti aliouchapisha mwaka 1954, Allison aliwapima watoto 290 nchini Uganda. Waliokuwa wabebaji ni 43, na 12 kati yao walikuwa na vimelea vya malaria katika damu, yaani kama asilimia 28. Wasio wabebaji walikuwa 247, na waliokutwa na vimelea ni 113, yaani kama asilimia 46. Kesi imekwisha? La. Mwaka 1955 wachunguzi wengine huko Marekani walichapisha majaribio yao ambayo hayakukubaliana naye.

Hapa ndipo utakapomjua mwanafunzi anayefanya mapitio na yule anayepanga foleni. Wa foleni ataandika kwamba Allison alisema ndiyo na wenzake wakasema la, kisha ataruka kwenda kwa mtu wa tatu. Anayefanya mapitio atasimama hapo na kuuliza maswali ya karani wa mahakama. Nani walipimwa? Walikuwa watoto au watu wazima? Walikuwa wamezoea kuumwa na mbu wenye malaria tangu utotoni, au hawakuwahi? Na kilichohesabiwa ni nini hasa: vimelea vilivyomo katika damu, au wagonjwa waliozidiwa hadi kulazwa?

Swali hilo la mwisho ndilo lenye uzito. Mwaka 2005 watafiti wa Kilifi, katika Pwani yetu, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watoto wa huko. Kubeba jeni hiyo kulipunguza malaria ya kawaida kwa kama nusu, kukapunguza kulazwa hospitalini kwa malaria kwa kama robo tatu, na malaria kali inayotishia maisha kwa karibu asilimia 90. Kumbe kinga inategemea unapima nini. Anayehesabu vimelea tu anaweza kuona kinga ndogo mahali ambapo anayehesabu watoto mahututi anaona kubwa mno. Mwanafunzi akiyaweka maandishi hayo namna hiyo, 1949, 1954, 1955 hadi 2005, tayari amempa msomaji njia ya kufuata, na hapo ana haki ya kusema, "Lakini hakuna aliyepima jambo hili, nami nataka kulipima."

Sasa turudi kwa binti wa Umoja. Katika kurasa zake 41, niliona swali limejificha ukurasa wa 23, katika sentensi moja aliyoipita mbio. Alitaja mbu aitwaye Anopheles stephensi.

Mbu huyu ana habari zake. Kwao ni Asia Kusini na sehemu za Bara Arabu. Anopheles wetu tuliowazoea hupenda madimbwi na mabwawa ya mashambani. Huyu wa kuja huzaana hata katika matangi, mapipa na mitungi ya maji, kwa hivyo mji si kizuizi kwake. Alionekana Djibouti mwaka 2012, na mwaka huo nchi hiyo iliripoti wagonjwa 27 tu wa malaria. Kufikia mwaka 2020 walikuwa wamepita 73,000. Wataalamu hawasemi mbu huyu peke yake ndiye chanzo cha ongezeko lote hilo, lakini wanamtazama kwa jicho kali. Ethiopia alipatikana mwaka 2016. Kwa mtu anayeishi mjini, ambako mifereji hukauka siku kadhaa na kila nyumba ina jerikeni na pipa la akiba, hiyo si habari ya kupita mbio.

Lakini binti aliandika hivi: "Mbu huyu hajapatikana nchini Kenya." Alilitoa wapi hilo? Katika makala ya mwaka 2020. Wakati huo lilikuwa kweli. Kumbe Desemba 2022 mbu huyo alitambuliwa katika Kaunti ya Marsabit. Pengo alilodhani ni lake lilikuwa limezibwa kabla hajaanza kuandika. Msimamizi akiona kosa kama hilo, ataamini vipi kurasa nyingine 40?

Ndiyo maana nawasihi vijana wasianze kuandika kabla ya kupanga namna ya kutafuta. Chukua daftari. Andika maneno uliyotumia kutafuta, mahali ulipotafuta, na tarehe. Hazina ya PubMed ni ya bure, na hata pale ambapo makala yenyewe ni ya kulipia, ikisiri yake utaisoma. Vyuo vyetu vingi vimejiunga na mipango ya kupata majarida ya kigeni bila malipo au kwa bei nafuu, na anayejua habari hizo ni mkutubi, ambaye wanafunzi humpita mlangoni kila siku bila kumsalimu. Anza na makala mapya ya mapitio ili uone uwanja wote, kisha rudi nyuma hadi kwenye utafiti wa asili. Usinukuu kwamba fulani alisema kwa sababu fulani wa pili ameandika kwamba alisema. Nenda kwa mwenyewe. Mara nyingi utakuta alisema jambo dogo zaidi, lenye masharti, ambayo yameanguka njiani kama nyanya kwenye gunia lililotoboka. Na siku moja kabla ya kuwasilisha, tafuta tena.

Kuna jambo jingine ambalo sikumwambia mama, nalisema hapa bila kumtaja mtu. Nilichukua marejeleo kumi katika orodha ya binti nikajaribu kuyatafuta. Manane niliyapata. Mawili hayapo popote duniani. Jarida lipo, jina la mwandishi linafanana na la mtaalamu wa kweli, lakini makala hayakuandikwa kamwe. Nilipomwuliza, aliinamisha kichwa, akakubali kwamba aliomba programu ya akili bandia imwongezee marejeleo usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha. Programu hizo zinaweza kukusaidia kunyoosha sentensi, lakini huweza kubuni kitabu kwa utulivu ule ule wa kutaja kitabu cha kweli. Mwanafunzi akikamatwa na rejeleo la kubuni, hataulizwa kama alidanganywa na mashine. Jina lililo kwenye jalada ni lake. Tuliyafuta yote mawili jioni hiyo hiyo, na hoja zilizoyaegemea zikafutwa nazo.

Baada ya hapo tuliketi kutafuta swali. Binti ana shangazi yake Isiolo, mji ulio kwenye barabara kuu itokayo Moyale kupitia Marsabit kuja Nairobi. Magari, mizigo na maji ya akiba vyote hupita huko. Badala ya malaria nchini Kenya, alibaki na hili: katika mtaa mmoja wa Isiolo, je, vyombo vya maji vya nyumbani vina viluwiluwi vya Anopheles stephensi, na kama vipo, vinapendelea vyombo vya namna gani? Hata ikiwa mtu mwingine atatangulia kuripoti mbu huyo mjini humo, swali la vyombo linabaki, na jibu lake lina faida kwa mama mwenye pipa uani. Ni vifunikwe vipi? Vimwagwe mara ngapi?

Swali likishapatikana, mbinu hujileta zenyewe, na makosa nayo hujionyesha. Binti alisema angekagua vyombo 20. Nilimwomba tupige hesabu. Tuseme chombo 1 katika kila 20 kina viluwiluwi hivyo. Ukikagua vyombo 20 vilivyochaguliwa kwa bahati nasibu, uwezekano wa kukosa vyote ni zaidi ya thuluthi moja. Yaani mbu yupo, nawe unarudi Nairobi kuandika kwamba hayupo! Ili uwe na hakika ya asilimia 95 kwamba utakiona angalau kimoja, unahitaji vyombo kama 59. Na hata hivyo, nyumba moja ikiwa na mitungi kumi, mitungi hiyo si mashahidi kumi tofauti. Imejazwa maji ya mfereji mmoja, imefunikwa na mkono mmoja, na mbu mmoja huenda ndiye aliyetaga ndani yake. Basi hesabu nyumba kwanza, ndipo uhesabu vyombo. Jambo hili huwaangusha hata walio na shahada kubwa zaidi.

Tena kuna suala la kumtambua. Kwa macho, mbu huyu anaweza kudhaniwa ni ndugu yake wa kienyeji. Itabidi viluwiluwi vilelewe hadi viwe mbu kamili, vitazamwe kwa hadubini, na baadhi vithibitishwe kwa DNA. Nani atalipia vipimo vya DNA? Maabara gani imekubali? Hapo ndipo bajeti inapotoka, katika mbinu, wala si katika kukisia. Pendekezo la kwanza la binti lilikuwa na fedha za kompyuta mpya na hazikuwapo za hata chujio moja la kuvulia viluwiluwi.

Vibali navyo visiachwe mwisho. Kamati ya maadili inahitaji kulisoma pendekezo, maana unaingia katika nyumba za watu na kuwauliza habari zao, na mwenye nyumba ana haki ya kukataa bila kutoa sababu. Kisha kuna leseni ya Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi, ambayo wengi huijua kwa jina la NACOSTI, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2013. Haya huchukua majuma, wakati mwingine miezi, na mvua ya Isiolo haitamngoja mtu apate muhuri. Anayetaka kukusanya viluwiluwi msimu wa mvua za Machi hadi Mei sharti awe ameanza kuomba vibali mwaka uliotangulia.

Wanafunzi hunung'unika kwamba kamati hizi ni urasimu mtupu. Nawakumbusha jambo moja la Allison yule yule. Mbali na kupima watoto, aliwaambukiza malaria kwa makusudi watu wazima 30 waliojitolea, 15 wabebaji na 15 wasio wabebaji. Vimelea vilistawi kwa 14 kati ya wasio wabebaji, na kwa 2 tu kati ya wabebaji. Matokeo yake ni ya kushangaza, lakini ni vigumu kuyasoma bila kujiuliza wale watu 30 walielezwa nini hasa kabla ya kukubali. Leo majaribio ya aina hiyo yakifanywa, hufanywa chini ya uangalizi mkali wa madaktari na kamati. Fomu ya kurasa nyingi inayomchosha mwanafunzi ilizaliwa na maswali kama hayo.

Na wazazi je? Mama aliniuliza afanye nini, yeye asiyejua habari za viluwiluwi. Nilimwambia amwulize binti yake kila Jumapili wakati wa chai, "Swali lako ni lipi?" na akae kimya amsikilize. Siku atakapolijibu kwa sentensi moja ambayo mama anaielewa, kazi kubwa imefanyika. Asimwulize "Utamaliza lini?" kwa sababu hilo binti hujiuliza mwenyewe saa nane za usiku. Kama kuna shilingi za ziada, ziende kwa mtandao na nauli ya kwenda kuuona mtaa wenyewe siku mbili kabla ya kuandika ukurasa wa mbinu.

Binti aliandika upya. Kurasa 41 zimekuwa 14. Juma lililopita mama alinipigia simu, sauti ikiwa nzito, akisema limerudishwa mara ya nne, tena kwa wino ule ule mwekundu. Nilimwomba anisomee kilichoandikwa. Akatafuta miwani, akasoma polepole: "Swali zuri. Kwa nini nyumba 60 na si 100? Onyesha hesabu yako."

Binti alikuwa amekwisha kuondoka. Alikwenda maktaba asubuhi, hata chai hakunywa.